Bei ya Mahindi Makere
Wakimbizi walipojaa kwetu, karani wa takwimu aitwaye Longinus alikuja sokoni Makere kuuliza bei ya mahindi. Nikamwambia imeshuka nusu.

“Haiwezekani, mama. Walaji wameongezeka, bei lazima ipande. Ndivyo tulivyofundishwa.”

Nikamwonyesha wakimbizi wakiuza mahindi ya msaada kwa bei ya kutupa, wapate kununua muhogo waliouzoea. Akatazama, akaguna, akaandika kwamba bei imepanda!

Mwezi uliofuata yakaja malori ya mahindi ya bei nafuu, eti kutuokoa na njaa. Yangu yakakosa mnunuzi, yakaliwa na dumuzi ghalani.

Longinus aliporudi kuuliza bei, nilimtwika debe zima la yale yaliyotobolewa.

“Bure,” nikamwambia. “Haya, andika hiyo.”