Kisiwa Alikotangulia Mama

Usingizi unamjia Namkunda saa tisa alasiri, siku ya Jumapili, sebuleni kwao Moshi, miguu ameinyoosha juu ya stuli na masikio bado yanamsikiliza mdogo wake Penina, aliyeketi sakafuni na kompyuta mapajani akitafuta vyumba. Wamekubaliana siku kumi, kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Ugiriki ambacho jina lake Penina hulitamka kila mara kivyake, na wamekubaliana kwamba huko hawatapanda mlima wala kuzungushwa kwenye magofu, watakula, watalala, wataamka wale tena. Miezi mitatu imepita tangu wamzike mama yao kule Usangi, baada ya miaka sita ya kiharusi, miaka ya kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, ya uji kwa kijiko, ya kupokezana zamu kama walinzi wa getini. Wageni wa msiba wametawanyika, na mabinti wawili wamebaki na mikono isiyojua ishike nini. Hiki kina baraza linalotazama bahari, anasema Penina, vitanda viwili na kifungua kinywa, nikichukue, dada? Chukua, anasema Namkunda, au anadhani amesema, maana kabla neno halijamfikia Penina kochi limekwisha kuwa ukuta mfupi wa mawe yaliyopakwa chokaa, jua linamchoma utosini, na mbele yake iko bahari ya buluu hata macho yanauma kuitazama.

Kwanza anafurahi. Tumefika, anajiambia, wala sikumbuki ndege. Anageuka amwambie Penina, Penina hayupo, kuna paka tu, na nyumba nyeupe zilizobebana kilimani, kila moja na mlango wake wa buluu, na ngazi zinazopita katikati yake. Anapanda ngazi. Anapanda hadi magoti yanalalamika, akitazama alipofika anajikuta chini zaidi ya alipoanzia, anapanda tena, ngazi zinamteremsha tena, mpaka anasimama ukingoni mwa maji akihema, na majini anauona mji uleule umepinduliwa, mapaa chini, ngazi juu. Anauangalia kwa muda kabla hajaelewa kinachomtisha. Mji aliosimama yeye hauna mtu hata mmoja. Ule wa majini umejaa watu, wamejilaza kwenye viti virefu, na mmoja anampungia mkono.

Anarudi nyuma hatua mbili na kumkanyaga mtu. Ni mtu mrefu, kofia ya majani kichwani, na chini ya kofia hana macho wala pua wala mdomo, ni ngozi laini kama yai lililomenywa. Namkunda anataka kukimbia, lakini ulimi wake, kwa malezi tu, unasema shikamoo. Mtu yule haitikii marahaba. Kitendawili, anasema, na sauti haijulikani inatokea wapi. Tega, anajibu Namkunda, kwa sababu tangu utotoni hajui jibu jingine. Amelala miaka sita, hajapumzika hata siku moja. Namkunda anafikiri, anasema ni mlima, anaambiwa siyo, anasema ni barabara, siyo, anasema mtu yule, nipe mji. Basi anampa mji, kama walivyokuwa wakipeana wakiwa watoto, miji ambayo haikuwa yao na haikuwapunguzia kitu. Chukua Moshi, anasema. Na mara Moshi inashuka majini mbele ya macho yake, soko, stendi, mnara wa saa, vyote vimepakwa chokaa na kuwekewa milango ya buluu, na kichwani mwake pale Moshi ilipokuwa panabaki patupu. Anajaribu kukumbuka njia ya kwenda nyumbani kwake, kona ya kwanza tu, haipo. Hiyo ilikuwa ya mchezo, anasema, nirudishie. Moshi nimekwenda, anasema mtu asiye na uso, nimekaribishwa, nimeshiba, na jawabu silitoi bado. Abebaye huhema, abebwaye je? Namkunda hajui. Anazuia ulimi kwa meno lakini ulimi unatoa Same wenyewe, na Same nayo inashuka, vumbi lake jekundu linageuka jeupe. Nipe mji wa mwisho. Usangi siutoi, anasema Namkunda, Usangi ndiko mama yangu amelala. Nani kakwambia, anasema mtu yule, na anasukuma mlango wa buluu ulio nyuma yake.

Nyuma ya mlango kuna baraza, na mzabibu juu ya fito, na chini ya mzabibu kuna kiti kimoja, na mama yao ameketi juu ya kiti hicho. Amekunja nne. Miguu ile ambayo kwa miaka sita ilisogezwa na wengine sasa mmoja umepanda juu ya mwenzake na kandambili inaning'inia kwenye kidole gumba, naye anakula zeituni kutoka kwenye bakuli na kutemea kokwa kiganjani. Mama anainua macho, anamtambua, na uso wake hauchangamki, unanyong'onyea.

Umefuata nini huku, Namkunda?

Mama, umepona.

Sijapona. Nimepumzika.

Nasi tumekuja kupumzika, anasema Namkunda, na anaisikia sauti yake imekuwa ya mtoto, mimi na Penina, mama, tumechoka.

Najua mmechoka, anasema mama yake. Mlikuwa mkisemea mlangoni, mkidhani masikio nayo yamepooza. Mliponigeuza mlihema. Mliponilisha mlitazama saa, nami nikawa nameza upesi ili mkapumzike. Miaka sita nameza upesi, mwanangu. Sikuchoka kulala. Nilichoka kuchokwa. Nikaona nami nitafute mahali.

Namkunda anataka kusema kwamba haikuwa hivyo, lakini anakumbuka alasiri moja mlangoni alipomwambia Penina kwamba heri Mungu amchukue tu, apumzike na sisi tupumzike, na kabla hajalimaliza wazo hilo mama yake anatikisa kichwa. Hata hilo nililisikia, anasema. Sikukasirika. Nililifikiria. Namkunda anapiga magoti, na mikono yake, bila kumwomba ruhusa, inakwenda moja kwenye bega la mama na moja kwenye nyonga, kama ilivyozoea. Usinigeuze, anasema mama yake. Keti. Hamkuwahi kuketi. Namkunda anatafuta pa kuketi, kiti ni kimoja, sakafu nayo imeanza kuinama, zeituni zinabingirika, mji wa juu unabadilishana na mji wa majini, naye anateleza kwenye chokaa akishika hewa, na mama yake, aliyebaki juu bila kuyumba, anaendelea kumtazama hadi maji yanapomfunika.

Dada. Dada, zamu yako.

Ni Penina, amesimama juu yake na kikombe cha uji mkononi. Ni saa tisa na nusu, anasema, Mama hajageuzwa. Namkunda anamtazama. Mama yupi? Penina anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Unaota bado, anasema. Nimekichukua kile chenye baraza, na nesi niliyemwomba amekubali kukaa na Mama siku zote kumi, kwa hiyo tunakwenda. Namkunda anakumbuka kaburi. Anakumbuka udongo ulivyonasa kisigino cha kiatu chake, na kwaya ilivyopotea ubeti wa pili ikarudia wa kwanza, vitu ambavyo ndoto haina haja ya kuvitunga. Anataka kuuliza, haulizi, maana hajui jibu gani litamuumiza zaidi. Anakipokea kikombe.

Chumbani mama yao amelala akitazama ukuta, mdomo umepinda upande mmoja, macho wazi. Namkunda anaweka kikombe chini na kuketi ukingoni mwa kitanda, na mikono ameikalia isije ikafanya kazi yake. Mama, anasema, umetuchoka? Kisha jicho moja linamgeukia polepole, na nusu ya mdomo inahangaika na neno mpaka inalipata. Kidogo, anasema mama yake.

Umeshamgeuza? anaita Penina kutoka sebuleni. Bado, anajibu Namkunda, tumekaa. Ameushika mkono wa mama yake, una joto, lakini lile jua la kisiwani nalo lilikuwa na joto, na kope zake zinakuwa nzito tena, naye anapigana nazo, anakodoa macho kwa nguvu zote, kwa sababu hajui mama yake anaishi upande gani wa kope hizo.