Kivuli Kilichobaki Benchi

Jumamosi ile Bimdogo alikuwa akikunja sambusa kwenye fleti yao ya Gulfton, Houston, televisheni ikiwa imewashwa kwa ajili ya bintiye. Si kwamba Lubna alipenda mpira wa Kimarekani. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kulia ndani ya plasta, akimtazama Colby, nyota wa timu ya chuo chao, aliyekuwa benchi.

Colby ndiye aliyeuvunja mkono huo. Waligombea nafasi ya kuegesha gari nje ya maktaba, akamkamata mkono na kuukunja mpaka mfupa ukalia. Polisi wakamfungulia mashtaka. Lubna alikuwa anasomea uuguzi, na mazoezi yake ya hospitali yalikuwa yamesimama, lakini hakudai makubwa: kijana yule asivae jezi mpaka kesi isikilizwe. Basi alilopanda kila asubuhi, sasa asipoweza kuendesha gari, lilikuwa na picha ya Colby ubavuni, meno yote nje.

Kocha alitangaza adhabu kali. Colby angekaa benchi kipindi kizima cha kwanza, dhidi ya chuo kidogo ambacho hata wapishi wa timu wangekifunga.

Kipindi cha pili kilipoanza, Colby aliinuka akaingia uwanjani. Kivuli chake hakikuinuka. Kilibaki benchi, mikono magotini, kichwa chini. Daktari wa timu alimpima Colby miguu, akasema yuko sawa. Waandishi wa habari walipouliza, kocha alijibu kwamba timu haina mchezo na nidhamu, na kwamba sehemu ya mchezaji bado inatumikia adhabu. Kanuni za timu hazikusema lazima iwe sehemu ipi.

"Kumbe kivuli chake kina haya," alisema Bimdogo, akarudi kwenye sambusa.

Jumatatu kivuli kilikuja Gulfton. Kilifika kwa kufuata kuta, kikasimama mlangoni penye viatu, kikangoja. Hemed, baba yake Lubna, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuendesha teksi yake, alikitolea salamu na kukionyesha mkeka. Kikakaa. Ilikuwa wazi kimekuja kuomba radhi, maana kiliinamisha kichwa kila Lubna alipopita.

Bimdogo akaleta dele la kahawa na sahani ya halua.

"Mama, usikipe kitu," alisema Lubna. "Seriously. You know what it means."

Bimdogo alijua vizuri. Kwa ukoo wao, tangu Unguja, anayekuja kuomba radhi hapewi hata maji mpaka wazee wa pande mbili waongee. Akishakunywa kahawa ya nyumba, yamekwisha, na hakuna wa kuyafukua.

"Hiyo kwa watu, mwanangu," alisema. "Hiki kivuli tu. Mgeni nimwache na koo kavu, watu watanambiaje?"

Akamimina. Kivuli kikanywa taratibu, kwa adabu. Jirani yao Swafwani, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alikipiga picha kikiwa na kikombe mkononi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la arusi ya jirani mwingine, Tasnim. Kufika Jumatano picha ilikuwa mezani kwa kocha.

Chuo kilikuwa na mtaalamu wa tamaduni, naye aliieleza desturi ile bila kukosea hata neno. Likatoka tangazo: familia imemsamehe Colby kwa mila zake, na suala la nidhamu limefungwa. Lubna alikwenda ofisini kwa kocha na plasta yake.

"I didn't forgive anybody," alimwambia.

Kocha alisema yeye binafsi anawaheshimu sana wazazi wake, akampa tiketi mbili za mechi.

Lubna alirudi nyumbani akalia mbele ya mama yake. Bimdogo alilia naye, akasema nimekosa, mwanangu, mkono wangu ndio uliomimina. Hata hivyo kivuli kiliendelea kuja kila siku, na hakuwa na moyo wa kukinyima kahawa.

Kesi ikaangukia siku ambayo timu ilikuwa na mechi kubwa Dallas. Colby alikwenda Dallas. Kivuli kilikwenda mahakamani, kikasimama jina lilipotajwa. Wakili alisema mteja wake amefika. Hakimu alikitazama, akaandika amefika, akauliza kama anakubali kosa au anakana. Kivuli kikainamisha kichwa mpaka kifuani. Hakimu alisema anahitaji jibu la sauti, na kwa kuwa halikupatikana, akaahirisha kesi mpaka msimu utakapomalizika.

Lubna na kivuli walirudi kwa basi moja, lile lenye picha ubavuni. Nyumbani televisheni ilikuwa imewashwa. Colby alikuwa akikimbia juani huko Dallas, chini yake nyasi tupu, na mtangazaji alisema tangu amalize adhabu yake anaonekana mwepesi zaidi.

Bimdogo alikuwa amekwisha kumimina. Lubna aliichukua kahawa kwa mkono wa kushoto, akaimwaga kwenye sinki, akarudisha kikombe kitupu mkekani. Kivuli hakikuondoka. Kilikaa palepale, mikono magotini, mpaka mpira ulipokwisha na uwanja mzima ukasimama kumshangilia Colby.