Kanzu ya Mtani

Jumatano ya wiki ya Pasaka, Silasi alipanda baiskeli, akaingia msitu wa kusini mwa Sikonge, akajenga kaburi la mtu ambaye hakumzika.

Wala si masihara! Mzee mzima, mrina asali anayejulikana mpaka Tabora mjini, Mmoravian aliyebatizisha watoto sita, amepiga magoti porini anaokota mawe. Anapanga, anarudi nyuma, anatazama. Anaona yanang'aa mno, anayapaka udongo, anayafunika majani yaliyooza. Halafu anakaa chini, jasho linamtiririka, anajiuliza, "Silasi, kweli umefika hapa?"

Yote kwa sababu ya barua. Aliileta dereva wa lori la chumvi, na iliandikwa na Lukumani, fundi cherehani wa Tabora: "Mama anakuja kwako Jumamosi. Anataka umwonyeshe alipolala baba. Miguu inaanza kumkataa, anasema asipokuja mwaka huu hatakuja tena."

Baba yake Lukumani alikuwa Shomari, Mzaramo aliyepanda na misafara kutoka pwani, akamwoa Mwanahawa, akatulia Tabora. Silasi ni Mnyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo halina mjadala. Watatukanana kutwa nzima na hakuna wa kununa. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anashika jembe, ndiye anachekesha wafiwa, na ndiye anapewa nguo ya marehemu iwe yake. Wapagazi waliushika sana utani huu, maana njiani ndugu zako wako mbali. Ukifa, nani akuzike kama si mtani?

Basi mwaka wa kumi na sita, wakati wa vita kuu, Mjerumani anakimbizwa Tabora, aliwakamata wote wawili wambebee mizigo kwenda kusini. Siku ya tano Shomari akashikwa na tumbo la kuhara damu. Askari wakamwacha kando ya njia. Silasi akajificha kichakani, msafara ukapita, akarudi kukaa naye.

"Mtani," Shomari alisema, midomo imempasuka, "usiniache nikaliwa na fisi. Ngoja nife, unizike. Kazi yako hiyo, Mnyamwezi mvivu wewe."

"Kufa basi haraka, unanichelewesha."

Wakacheka, wote wawili. Ndiyo, walicheka! Kisha Silasi akachukua kibuyu, akasema anakwenda kutafuta maji. Na alikwenda kweli. Mto ulikuwa umekauka, akafukua mchanga mpaka maji yakatoka, akajaza. Mara akasikia bunduki zinalia, akaona wapagazi watatu wa kwao wanakimbia kurudi nyumbani, na miguu yake ikakimbia pamoja nao. Jioni ndipo alipogundua kwamba kibuyu bado anacho mkononi, kimejaa.

Alipofika Tabora alimwambia Mwanahawa, "Nimemzika kwa mikono yangu. Nimemlaza kuelekea kibla." Mwanahawa akalia, akafungua sanduku, akampa kanzu ya Shomari, haki ya mtani aliyezika. Miaka ishirini na mbili imepita, na Silasi hajaivaa hata siku moja.

Mkewe, Mama Dionis, hakuwa na habari. Alichojua ni kwamba mumewe amechaguliwa mzee wa kanisa mara mbili na mara mbili amekataa. Na kila Pasaka, Wakristo wanapokusanyika makaburini alfajiri kulingoja jua, Silasi anajifunika blanketi, anaumwa.

"Malaria yako inafuata kalenda ya kanisa," Mama Dionis humwambia. "Haijawahi kukosea hata mwaka mmoja."

Alhamisi ilikuwa siku ya kuongea na mchungaji. Ndio utaratibu wao, kabla ya Meza ya Bwana kila mmoja anakwenda peke yake, anasema lililo moyoni. Miaka yote Silasi alikuwa akisema amegombana na jirani kwa ajili ya mizinga, anaombewa, anaondoka. Safari hii alikaa kwenye kigoda, akafungua kinywa aseme ya mizinga, yakatoka ya kibuyu. Yakatoka yote. Hata ya mawe.

Mchungaji alisogeza kigoda chake karibu.

"Umemwomba Mungu msamaha?"

"Kila siku, tangu nibatizwe."

"Basi alishakusamehe ile siku ya kwanza. Hizo nyingine zote ulikuwa unamgongea mlango ulio wazi."

"Mbona sina amani, mchungaji?"

"Utaipata wapi? Msamaha umeupokea kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uko porini unapanga mawe. Mungu hukumdanganya, Silasi. Aliyedanganywa anakuja Jumamosi."

Silasi alitoka pale amekasirika, tuseme kweli. Alitaka aombewe. Ijumaa nzima hakula, na sababu haikuwa kufunga.

Jumamosi lori likafika. Mwanahawa alishushwa kama mzigo wa mayai, kajifunga kaniki mbili, mkononi kikapu cha tende na ubani, na mdomo ule ule!

"Mtani! Bado hujafa tu? Na mimi nimekuja na jembe langu!"

Hapo mtani yeyote angejibu tusi. Silasi alisema, "Karibu, Mama Lukumani. Pole na safari."

"Mnamwona huyu?" Mwanahawa alimgeukia Mama Dionis. "Tangu mume wangu afe hajanitukana hata mara moja. Siku ya matanga alikaa kwenye kona analia kuliko mimi. Nikasema, mtani gani huyu, amekatwa ulimi?"

Mama Dionis alicheka. Silasi akaenda kupasua kuni ambazo zilishapasuliwa.

Alfajiri ya Pasaka tarumbeta zikalia. Silasi alikuwa macho, blanketi limefika kidevuni. Mwanahawa akapita mlangoni na kandili.

"Hao wanakwenda wapi?"

"Makaburini," Mama Dionis alijibu. "Kusema Yesu amefufuka, na kuwataja waliotutoka."

"Nami nitakwenda nitazame. Na wewe, mtani? Mtu anayejua kuzika kama wewe unalala?"

Silasi aliinuka. Akaliacha blanketi kitandani, akaenda.

Mwanahawa alisimama nje ya uzio wa minyaa. Ndani, mchungaji alisoma majina ya waliokufa mwaka ule, mmoja mmoja, taratibu. Kisha akafunga karatasi, akasema, "Na wote waliolala njiani, ambao mahali pao Bwana peke yake anapajua." Watu wakaitikia. Jua likachungulia, tarumbeta zikaanza tena, wanawake wakapiga vigelegele, na katikati ya furaha yote hiyo Silasi akageuka, akapita katikati ya watu, akaenda mpaka kwenye uzio.

"Mwanahawa. Sikumzika."

"Nani?"

"Shomari. Nilichukua kibuyu nikaenda kumchotea maji. Sikurudi."

Mwanahawa aliweka kandili chini.

"Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa hai."

"Alikuwa na kiu?"

"Ndiyo."

"Na kibuyu ulikuwa nacho wewe."

Silasi aliinamisha kichwa. Upande wa pili wa uzio watoto walikuwa wanarukaruka.

"Miaka ishirini na mbili," Mwanahawa alisema, sauti imeshuka kabisa, "nasoma dua, naliona kaburi machoni. Nimelipanga mwenyewe moyoni, na mti nimelipandia. Kwa nini unaniambia leo? Huyo Mungu wako si kakusamehe? Si ungekaa naye kimya?"

"Kanisamehe. Ndiyo maana nimeweza kuja hapa. Zamani nilidhani nikisema nitakufa."

"Mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Usije ukaniomba."

"Sitakuomba."

Mwanahawa akaokota kandili. "Kesho unanipeleka. Chukua jembe. Na kanzu ya mume wangu."

Jumatatu walikwenda, Mwanahawa amekaa nyuma ya baiskeli kwenye gunia lililokunjwa. Kwenye milima Silasi alisukuma. Walipofika pale Shomari alipoachwa, Mwanahawa akayaona mawe.

"Na haya?"

"Niliyapanga Jumatano. Ya kukudanganya."

"Yatoe."

Silasi aliyatoa, moja moja, akayatupa mbali. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, akachimba mpaka kiunoni. Mwanahawa akaikunja kanzu, akaishusha mwenyewe, akaielekeza kibla, akasoma alichosoma. Silasi alivua kofia, naye akasali ya kwake kimya. Hakuomba kusamehewa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu abatizwe kusali bila kuomba hilo, na alishangaa jinsi maneno mengine yalivyobaki mengi. Alimwombea Shomari. Alimwombea mwanamke huyu.

Alipomaliza kufukia, Mwanahawa alitoa kibuyu kikapuni, akakinyoosha bila kumtazama.

"Kachote maji. Kaburi halikai kavu."

Mto haukuwa mbali, na safari hii ulikuwa na maji. Silasi aliinama, akajaza. Ng'ambo njia ilikuwa wazi, nyeupe, inaelekea nyumbani. Aliitazama kidogo tu. Akageuka.

Mwanahawa alikuwa amesimama pale pale, kakishika kikapu kwa mikono miwili, macho kwenye miti. Alipomwona anatokeza, mabega yake yalishuka.

Alikipokea kibuyu, akamimina taratibu, kichwani mpaka miguuni, hadi tone la mwisho.

"Umechelewa, Mnyamwezi," alisema. Machozi yalikuwa yanashuka, na hakuwa anatania hata kidogo.

Silasi aliweka jembe begani.

"Mumeo alikuwa mzito," alisema. "Mzaramo gani anakula kama tembo, halafu anataka abebwe?"

Mwanahawa hakucheka. Alipanda nyuma ya baiskeli, akajiweka sawa juu ya gunia, na baada ya kitambo, kwa hasira, akashika shati lake asianguke.