Mashua Nyembamba na Mashua Nene

Fundi saa na mkewe, mshonaji wa magauni ya harusi, walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: watoto wakishajitegemea, wao wawili watahamia baharini, waishi ndani ya mashua ya matanga. Mashua ipi? Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mume alitaka ile nyembamba iliyofungwa gatini, kali kama wembe, inayopasua mawimbi bila kuyabishia hodi. Mke alitaka jirani yake: nene, imekaa kama bata aliyeshiba, ina kitanda cha kugaagaa, jiko la kusimama wima na choo chenye mlango unaofungika.

"Hiyo si mashua, ni sofa inayoelea," mume alisema.

"Na yako ni jeneza lenye tanga," mke akajibu, akikata uzi kwa meno.

Mke alipoona maneno hayafui dafu, akapanga njama. Akamwomba dalali wa mashua awatembeze kwanza na ile nyembamba, siku ambayo upepo haujalala. Dalali, kijana wa kumchekea kila mteja, hakuuliza kwa nini.

Walipotoka bandarini tanga likajaa, mashua ikalala ubavu. Mke akashika kifua. "Baba Watoto, roho inanidunda. Hebu shuka ukanichemshie chai."

"Saa hizi?"

"Si unasema hii ni nyumba? Nyumbani watu hunywa chai."

Mume akashuka. Punde ikasikika sufuria, kikafuata kichwa, ikarudi sufuria, kisha likatoka neno ambalo wateja wake hawakuwahi kulisikia. Mke akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Dalali alitaka kukaza kamba ya tanga. "Mama, nishikie usukani kidogo."

Akaushika. Akausogeza kidogo, mashua ikaitika. Akausogeza tena, ikachomoka, maji yakafunguka mbele yake kama hariri chini ya mkasi mpya. Akapiga kigelegele kabla hajajijua.

"Mama, niachie sasa."

"Subiri, mwanangu. Una haraka gani?"

Ndipo mume akatokeza kichwa, shati limelowa chai, nundu imemwota kwenye paji la uso. "Mke wangu, nimenyoosha mikono. Tuchukue ile nene."

Mke akaung'ang'ania usukani. Mtego ulikuwa umefyatuka, na mguu uliokuwa ndani ni wake. Akavaa uso wa huruma. "Hapana, mume wangu. Siwezi kukunyima ndoto yako. Acha mimi nijitoe."

"Lakini mimi mwenyewe nasema..."

"Usinibembeleze. Nimeshakubali."

Dalali akageuka kutazama ndege wa baharini kwa makini sana.

Wakachukua nyembamba. Mke akashona mito ya kuziba kila kona inayopasua vichwa, na mkanda mpana wa kumzuia mumewe asiviringike kitandani. Lakini fundi saa hakuwa mjinga. Mtu aliyejitoa mhanga haamki na jua akiimba, wala hagombei usukani.

Asubuhi moja akapaza sauti kutoka chini, amefungwa mkanda wake. "Wewe mwanamke, hivi kweli ulijitoa kwa ajili yangu?"

"Mno!"

"Basi punguza mwendo!"

"Sikusikii, upepo mkali!" akajibu, akaikaza kamba. Chini, mumewe akacheka mpaka akakohoa.