Bandeji ya Zimwi la Darajani

Fundi Rangi alikuwa amechora vibao kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyesimama mbele ya kazi yake kuitazama. Watu walitazama kibao wajue pa kunyolewa, pa kushona suruali, pa kuziba pancha, kisha wakaingia ndani na mambo yao. Vichwa alivyochora kwenye ukuta wa kinyozi vilikuwa na nywele za kuhesabika mmoja mmoja. Nani alihesabu? Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakuwa wa kwao Fundi. Dada yake mkubwa, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, aliwatambulisha wadogo zake kwa wageni hivi: huyu nesi, huyu karani, na huyu anapakapaka. Fundi alicheka pamoja na wageni, lakini neno lile lilimchoma kila mara.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yake, binti anayefundisha hesabu sekondari, alipokuja karakanani na bunda la karatasi akasema amemaliza kuandika kitabu na anamtaka shangazi yake amchoree, Fundi alifuta mikono kwenye aproni mara tatu kabla ya kulipokea.

Kitabu chenyewe hakikuwa cha kusoma tu. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Watu watano wanakaa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, na waliobaki kila mmoja anajifanya mtu fulani katika nchi ya kubuni: mpiga upinde, mganga, mwizi mstaafu. Msimulizi anawaambia wako wapi na wamekutana na nini, wao wanasema watafanya nini, na jambo likiwa gumu wanarusha dadu. Vingine vyote viko kichwani. Fundi akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, watu wazima na shahada zao hawaulizi: kama vyote viko kichwani, picha ni za nini? Mwalimu akamjibu kwamba vichwa vitano huona mazimwi matano, na pale mezani ni lazima wote walikimbie zimwi moja.

Kulikuwa na kikwazo. Mwenzake Mwalimu katika kazi hiyo alikuwa mpiga chapa, bwana mmoja mwenye miwani shingoni na mashaka usoni. Yeye alisema mchora vibao ni mchora vibao, na mazimwi ya kununua yamejaa tele mtandaoni. Wakavutana wiki nzima, mwisho wakakubaliana: Jumamosi mchana wachezaji wanne wasiokijua kitabu watakaa wakijaribu. Picha za Fundi zikiwasaidia, zinaingia zote arobaini. Zikiwachanganya, zinatoka zote, asiseme mtu.

Fundi akapiga moyo konde, akachora. Sasa, huyu mama ana tabia moja: hachori asichokiona. Ukitaka akuchoree kiatu, vua kiatu. Mwizi mstaafu alimchora kutoka kwa muuza magazeti wa pale kona, na joka likatoka kwa mjusi wa bafuni aliyekaa kwa utulivu kuliko wateja wengi. Likabaki zimwi linalolinda daraja, picha kubwa kuliko zote, kurasa mbili nzima. Kwa hilo alihitaji mwili, na mwili ulikuwepo nyumbani: mumewe, mchomelea vyuma, mwanamume wa umbo la kabati. Wiki ile hakwenda kazini kwa sababu alikuwa ameangusha geti juu ya mguu wake wa kushoto. Fundi akamketisha juu ya pipa, akampa bomba la chuma ashike. Mume akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, akaomba na chai.

Akaongezewa pembe, magamba na meno. Macho yakaachwa yalivyo. Na kwa mazoea yale yale, bila hata kufikiri, Fundi akaichora na bandeji ya mguu wa kushoto, mkunjo kwa mkunjo, hadi doa la dawa.

Ijumaa Mwalimu alikuja kuchukua picha. Alisifu pembe, alisifu magamba, akafika miguuni akaweka kidole juu ya bandeji. Kitabuni zimwi ni zima kabisa, linakimbia kuliko farasi. Bandeji imetoka wapi? Akamwomba shangazi yake, kwa adabu zote, aifute. Na kosa lilikuwa la Fundi kweli, maana ukurasa ule alikuwa ameusoma mara mbili. Akachukua rangi nyeupe na brashi nyembamba, akainama. Mkono ukagoma. Aliona kwamba lile bega lililolalia upande mmoja, ule mdomo ulioumwa, yale macho, vyote vilitoka kwenye maumivu ya mguu ule.

"Nikifuta bandeji nimefuta na uso," alisema. "Lichukue hivyo hivyo. Likinitoa, na linitoe."

Mwalimu alipoondoka, Fundi aliketi juu ya lile pipa. Alikitamani kitabu kile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na sasa amejipalia makaa kwa ajili ya mguu mmoja.

Jumamosi walikutana katika chumba cha walimu. Fundi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mpiga chapa alisimama nyuma ya wachezaji. Miongoni mwao alikuwemo dereva wa lori, jitu la mtu, aliyetaka kupigana na kila kilichotajwa tangu mchezo uanze, hata mlango. Walipofika darajani Mwalimu akasoma kwamba zimwi linanguruma na kuwajia mbio, kisha akafungua kurasa mbili mezani. Dereva alikuwa tayari ana dadu mkononi.

Akaziweka chini. Akaivuta picha karibu.

"Subirini," alisema. "Huyu ameumia."

Wote wakainama. Mmoja akasema pengine si kali, lina maumivu tu. Mwingine akauliza lingewezaje kujifunga bandeji kwa makucha yale. Lazima kuna mtu alilifunga, na mtu huyo yuko jirani. Basi wakasahau mapanga. Wakabishana kama wapeleke dawa au wamtafute kwanza huyo aliyefunga, na dereva wa lori, yule yule, akatoa chakula chote cha safari alichokuwa nacho mchezoni, akalipatia zimwi. Nusu saa nzima walikuwa juu ya picha ile, vidole vikipita juu ya kila mkunjo. Fundi hakuwahi kuona watu wakiitazama kazi yake namna ile, na macho yakamlowa bila aibu.

Mwalimu alipekua kitabu chake mwenyewe. Hakukuwa na jibu. Akageuka mlangoni.

"Shangazi, nani alilifunga?"

Fundi hakuhitaji kufikiri. Alikumbuka beseni la maji ya moto, na lile jibaba likilia kama mtoto huku likimkataza asiwaambie watu.

"Mke wake," alisema.

Mpiga chapa akavaa miwani, akainama juu ya fundo la bandeji, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akamwambia Mwalimu abadilishe maneno, picha isiguswe. Akaongeza kwamba ukurasa unaofuata unahitaji picha ya arobaini na moja.

Kitabu kilipotoka, Fundi alikipeleka kwa dada yake mkubwa, ambapo kama kawaida palikuwa na wageni. Dada akafunua kwa haraka ya mtu anayetafuta cha kucheka, akafika darajani, akasimama. Hakusema neno. Watu wa nyumba ile wataapa kwamba haijawahi kutokea. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, nani alilifunga maskini wa watu.

"Geuza," alisema Fundi.

Dada akageuza. Mke wa zimwi alikuwa amepiga magoti mtoni akifua bandeji, pembe zake fupi, aproni yake imejaa rangi. Ili kumchora, Fundi alikuwa ameazima kioo cha kinyozi.

"Huyu si wewe?" dada aliuliza.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Fundi, akawageukia wageni wamwone vizuri. "Mimi ndiye niliyechora."