Asumini za Somo la Protini

Mwalimu Dama alichoka kukariri asichokielewa. Kesho angewafundisha watoto wa Tononoka jinsi seli inavyotengeneza protini, na kitabu chenyewe kigumu kama jiwe. Basi akanunua asumini, rehani na mawaridi, akaketi chumbani kwake Bondeni na sindano na uzi.

Maelekezo ya kutengeneza protini hayatoki katika kiini cha seli. Hutoka nakala tu. Ribosomu, kiwanda kidogo ndani ya seli, huisoma ile nakala, ikiunga asidi amino moja baada ya nyingine, kama yeye alivyokuwa akitunga maua yale, moja moja, kuwa kikuba cha kuvaa kifuani. Ukibadili mpangilio, umepata protini nyingine.

"Kumbe ni hivi tu!" akasema kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Kitandani palikuwa na mto mmoja. Mumewe, baharia, hakuonekana tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Harufu ikashuka ngazi hadi kwa jirani, Bi Zuwena. Mtaani pale mke hatungi asumini jioni ila kwa mumewe.

"Mwanangu, mume karudi! Hongera!" akaita kutoka chini, akatoka mbio kuwaambia wenziwe.

Dama alifungua mdomo amsahihishe. Akaufumba. Akakichomeka kile kikuba kifuani, akaketi kusikiliza vigelegele vikipita nyumba hata nyumba.