Jopo Liliambiwa Lisahau

Simu ya gerezani iliingia kila Jumapili baada ya ibada, na Wynona Suggs alikuwa amekwisha kuizoea ile sauti ya mashine inayotangulia kusema kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Jumapili hiyo Garland, mumewe, hakusalimia.

"Wamekubali kusikiliza rufaa. Majaji watatu. Yule mama wakili anasema safari hii tuna nafasi."

"Mungu ni mwema," Wynona akajibu, maana mama mkwe wake, Mama Opal, alikuwa papo hapo mezani akimwangalia mdomo.

"Suti yangu ya kijivu ipeleke kwa dobi."

"Nitaipeleka."

"Na nikirudi tutaongea, mimi na wewe. Kuna mambo hatukuyamaliza."

Aliyasema kwa upole. Garland akipiga kelele, Wynona alijua pa kujificha. Akiwa mpole, hakujua.

"Amesemaje?" Mama Opal akauliza.

"Anataka suti yake."

"Mwanangu huyo! Jela kwenyewe anawaza kupendeza. Na wewe kula mkate wako, msichana. Atakukuta umebaki mifupa, aseme nilikunyima."

Katika mji ule wa misonobari, mashariki ya Texas, hapakuwa na asiyeijua kesi ya Garland. Jioni moja ya Novemba, nyuma ya duka la mashine za kufulia nguo, mtu alimpiga Teddy Boykin kichwani kwa spana ya magurudumu. Teddy, dereva wa lori la magogo, alipoteza jicho la kushoto. Alipigwa kwa nyuma na hakumwona aliyempiga. Aliyeona kidogo ni Bi Eula Fay Dobbs, aliyekuwa ndani akikunja mashuka nyuma ya kioo chenye mvuke: mgongo wa mwanamume akiondoka, bega moja limeinama, jaketi limeungua mkono kama majaketi ya wachomeleaji vyuma. Garland alikuwa mchomeleaji. Spana ilipatikana mtaroni, imeoshwa na mvua. Ushahidi wenyewe ulikuwa huo.

Kisha naibu sherifu, askari aliyemkamata Garland, akapanda kizimbani. Mwendesha mashtaka akamuuliza ilikuwaje akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Suggs.

"Namfahamu," akasema. "Si mara ya kwanza kuitwa pale kwa sababu amempiga mtu na chuma."

Wakili wa Garland akaruka kutoka kitini, akaomba kesi ivunjwe pale pale, jopo la raia walioitwa kuamua hatia lirudishwe makwao na kila kitu kianze upya mbele ya watu wengine. Jaji akakataa. Akawageukia wale raia kumi na wawili, akawaambia wasahau walichosikia. Wakaitikia kwa vichwa. Lakini mama mmoja wa jopo alimtazama Wynona kwenye benchi la mbele, macho yakamshuka hadi mkononi, na Wynona akaivuta chini mikono ya blauzi yake.

Aliyepigwa mara ile ya kwanza alikuwa yeye. Mkono ulivunjika mahali pawili. Teddy, jirani yao, ndiye aliyempakia kwenye lori na kumkimbiza hospitali, na kwa kuwa Wynona alimsihi, akawaambia wauguzi kwamba ameanguka barazani. Naibu sherifu, aliyeitwa nyumbani kwao siku ile, hakuamini, ila bila mlalamikaji hakuwa na la kufanya. Miezi mingi baadaye Garland akaja kujua ni nani aliyemchukua mkewe siku ile. Teddy hakuyasema hayo mahakamani. Kila alipoulizwa kama ana ugomvi na Garland, alijibu kwamba hana, huku jicho moja likimtazama Wynona.

Garland akapewa miaka kumi na minne.

Wakili wa rufaa, Bi Imelda Cantú, alikuja wiki iliyofuata. Aliteuliwa na mahakama, na viatu vyake vilijaa tope la njiani. Alikunywa chai ya barafu akiwa amesimama.

"Nina hoja mbili," akaeleza. "Kwanza, ushahidi hautoshi. Mgongo na jaketi, basi. Nikishinda hiyo, anaachiwa na hawawezi kumshtaki tena. Ya pili ni yale maneno ya naibu sherifu. Jaji alipaswa kuivunja kesi. Nikishinda hiyo, kesi inaanza upya."

"Majaji watauliza kama ni yeye kweli?"

"Hapana, mama. Wao watauliza tu kama mtu mwenye akili zake angeweza kuamini kwamba ni yeye."

Wynona akasogea karibu. Kisha akasema, "Siku ile aliporudi nyumbani..."

"Nyamaza." Wakili akaweka glasi chini. "Mimi ni wakili wake, si wako. Usiniambie kitu ambacho siwezi kukitumia wala kukisahau. Kama una la kusema, wapo watu wa kuambiwa."

Alipofika mlangoni aligeuka, akautazama ule mkono uliopona vibaya.

Siku ya kusikilizwa rufaa, Wynona na Mama Opal walikaa nyuma kabisa ya ukumbi baridi ulionukia nta ya mbao. Hapakuwa na jopo wala shahidi, na Garland mwenyewe hakuletwa. Jaji mmoja mzee aliuliza, "Wakili, raia wameambiwa wasahau. Kwa nini tusiamini kwamba walisahau?"

"Mheshimiwa," Bi Cantú akajibu, "ushahidi wenyewe ulikuwa mgongo wa mtu kwenye kioo kilichojaa mvuke. Wakaambiwa mwenye mgongo huo huwa anapiga watu na chuma. Mtu anasahau vipi?"

Mama Opal akamfinya Wynona paja kwa furaha. Wynona hakufurahi, maana yule wakili alikuwa akisema kweli, na kweli hiyo ndiyo ingemrudisha Garland nyumbani.

Hukumu ilitoka majira ya kuchipua. Hoja ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ikakubaliwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Kesi ianze upya, na wakati wa kungoja mshtakiwa apewe dhamana. Mama Opal akaweka nyumba yake rehani siku hiyo hiyo, huku akiimba.

Garland akapiga simu.

"Ijumaa niko nyumbani, mpenzi. Nipikie kambare." Akashusha sauti. "Hivi yule naibu sherifu alijuaje kuhusu chuma? Mimi sikumwambia. Teddy, labda. Au wewe?"

"Sikumwambia mtu."

"Sawa. Tutaongea."

Alhamisi Wynona aliomba ruhusa jikoni kwenye shule alikopika, akaenda kwa mwendesha mashtaka mpya, kijana mmoja mwembamba aitwaye Prentiss Lyle. Alieleza akiwa bado amefunga aproni. Jioni ile ya Novemba Garland alirudi amelowa, akalivua jaketi, akalitia kwenye pipa la kuchomea taka na kulimwagia mafuta. Likawaka mvua ikinyesha. Alipoingia ndani alisema, "Teddy hatamwangalia tena mke wa mtu kwa lile jicho."

Lyle akaweka kalamu chini. "Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mumeo. Ni hiari yako. Na jina lako lazima niwape upande wa pili. Atajua."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Ijumaa hakupika kambare. Alikuwa kwa binamu yake Louisiana, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi aliendesha gari kwenda kazini akipita njia tofauti. Jumatano, wakati watoto wakipanda mabasi ya kurudi nyumbani, alimkuta Garland ameegemea gari lake kwenye maegesho ya shule. Suti ya kijivu ilimpwaya.

"Nilidhani umepotea," akasema akitabasamu. Akamtoa uzi begani kwa vidole viwili. "Mama analia. Rudi nyumbani."

"Nitakuja mwisho wa juma."

"Njoo. Sina haraka." Akamfungulia mlango wa gari, akangoja aingie, akaufunga taratibu, kisha akasimama pale pale akimwangalia mpaka alipokata kona.

Kabla wiki hiyo haijaisha jina lake likafika kwa mawakili wa Garland. Toka siku hiyo Garland hakumtafuta tena, na hilo lilimnyima usingizi kuliko lile la maegesho.

Siku ya kesi ya pili, kabla Wynona hajapanda kizimbani, Lyle alimvuta pembeni. "Jaketi, sema. Aliyoyatamka kuhusu Teddy, sema. Mkono wako, usiutaje. Ukiponyokwa na neno moja tu kwamba aliwahi kukupiga, wataomba kesi ivunjwe tena, na safari hii jaji atakubali. Atatoka hapa leo hii pamoja na wewe."

Alieleza kama alivyoagizwa. Kisha wakili mpya wa Garland akasimama. Alikuwa mtu wa sauti tamu.

"Mama Suggs, ulikaa na siri hii zaidi ya miaka miwili. Ulimpelekea mumeo picha gerezani. Suti yake uliipeleka kwa dobi. Kwa nini hukusema mwanzo?"

Garland aliinua kichwa. Alikuwa anatabasamu, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie wimbo. Alilitaka neno lile la kipigo, livunje kesi. Mkono wa Wynona ukaanza kumuuma pale palipovunjika.

"Mama Suggs?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Mtu mmoja kwenye jopo akakohoa. Wakili akangoja, akaona haliji jingine, akakaa. Tabasamu la Garland likabaki usoni, lakini macho yalibadilika.

Jopo lilirudi kabla ya chakula cha jioni. Ana hatia. Mama Opal akapiga yowe, akamwita Wynona nyoka mbele ya watu wote. Garland aliongozwa nje akiwa amefungwa pingu, na alipompita akasema polepole, kwa upole uleule, "Ulisema vizuri."

Wakili wake alikuwa bado amesimama. Alimwarifu jaji kwamba wanakata rufaa.

"Wana sababu gani sasa?" Wynona akamuuliza Lyle.

"Watatafuta. Huwa hawakosi cha kutafuta."

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine zaidi."

Teddy alimsindikiza hadi kwenye gari. Aliinua mkono kumuaga, akapanda lori lake na kushika njia ya mjini. Wynona akashika ya mtoni. Gari moja likatokea nyuma yake penye misonobari, taa zimewashwa ingawa jua lilikuwa halijazama, na ingawa Garland alikuwa mikononi mwa askari, Wynona hakuondoa macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma mpaka alipolivuka daraja.